Kabla Hujaenda Kuiona Liemba

Juma hili najibu swali lililotoka hapa hapa kwetu Maisaka. Mzee mmoja, mkulima na baba wa watoto watano, amenipa malalamiko yake. Mwanawe wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne, amejiwekea akiba kutokana na kazi za vibarua, na sasa anataka kwenda Kigoma. Hana ndugu huko, wala hafuati kazi. Anataka kuiona meli ya zamani iitwayo Liemba, na ikiwezekana aipande. Mzee anauliza, kuna faida gani mtu kumaliza akiba yake ili akatazame chuma kikuukuu? Ikiwa ni kuona chombo majini, mbona hata hapa Babati tuna ziwa letu, tuna mitumbwi, tena tuna na viboko?

Swali hili si la mchezo. Fedha ya kijana ni jasho lake, na baba ana haki ya kuuliza linakwenda wapi. Nami sitaki kumjibu mzee kwa haraka. Kwanza yafaa tujue meli yenyewe ni kitu gani, na imepita katika mambo gani. Halafu kila mtu atapima mwenyewe kama safari inafaa nauli.

MELI ILIYOPANDA TRENI

Liemba ilizaliwa mbali sana na Kigoma. Ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Wakati huo nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, nao walitaka meli kubwa katika Ziwa Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650. Waliiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala tangu 1901 hata 1906. Vita vya Maji Maji vilianza wakati wa utawala wake, mwaka 1905. Kwa hiyo jina la kwanza la meli hii lilikuwa la mtu ambaye wazee wa kusini hawakuwa na sababu ya kumkumbuka kwa wema.

Sasa fikiri kidogo, msomaji. Meli kubwa yafikaje katika ziwa la bara, hali hakuna njia ya maji kutoka baharini? Mafundi waliiunga kwanza kwa bolti kule kule Papenburg, wapate kuona kama kila bamba linakaa mahali pake. Kisha wakaifungua yote, wakatia vipande vyake katika makasha 5,000. Makasha yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, na hapo yakapandishwa gari la moshi. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Basi meli ikasafiri barani kama mzigo wa mahindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

Kazi ya kuiunga tena ilifanyika Kigoma. Kutoka Papenburg walikuja mafundi watatu: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Lakini watu watatu hawajengi meli. Walikuwapo mafundi wa Kihindi, na walikuwapo Waafrika wengi waliobeba, waliovuta, waliopasha chuma moto na kupiga nyundo. Zamani mabamba ya meli hayakuunganishwa kwa kuchomelea. Yaliunganishwa kwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mnene wa chuma. Hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, hutiwa katika tundu, na kichwa chake hupondwa kwa nyundo ungali na moto. Ukipoa hujikunja, ukayavuta mabamba mawili yakabanana hata maji yasipate njia. Kazi hiyo ilirudiwa maelfu ya mara, katika jua la Kigoma, tangu omo hata tezi.

Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini. Urefu wake ni mita 71 na kitu. Ukitaka kuupata vema urefu huo, nenda stendi ya Babati, uyatazame mabasi makubwa ya safari. Panga mabasi sita, moja nyuma ya jingine. Hiyo ndiyo Liemba.

ILIPAKWA MAFUTA KABLA YA KUZAMISHWA

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Meli ya abiria na mizigo ikafanywa manowari. Ilipewa mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Lakini vita iliwageukia Wajerumani. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, wakubwa wao waliona kwamba hawataweza kuishika meli. Wakaamua kuizamisha wenyewe, kusini ya Kigoma, mwezi wa Julai 1916.

Hapa ndipo pana jambo ninalotaka ulishike, msomaji. Waliopewa kazi ya kuizamisha ni mafundi wale wale walioiunga. Hawakuivunja. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali panapoweza kuliwa na kutu. Adui alikuwa njiani, na chombo kilikuwa kinakwenda chini ya maji; hata hivyo walitenda kama watu wanaofunga nyumba yao kwa safari ndefu.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena. Waingereza wakaja wakaiinua mwaka 1924. Walipofungua mitambo waliikuta ingali mizima, baada ya miaka mingi ndani ya maji. Ikatengenezwa, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Hilo ni jina la ziwa lenyewe, kama Livingstone alivyolisikia kwa watu wa upande wa kusini alipofika huko mwaka 1867. Naona lilikuwa badiliko jema. Jina la gavana likaondoka, jina la maji likakaa.

KAZI YA KILA SIKU

Tangu hapo Liemba ilikuwa kama barabara ya watu wa ziwa. Vijiji vingi vya pwani ile vilikuwa havina njia ya gari, na vingine havina gati. Meli ilipofika mbele ya kijiji ilisimama kwenye maji marefu na kupiga honi. Hapo mitumbwi na maboti yalitoka ufukoni kwa mbio, yamejaa watu, kuku, mananasi, magunia ya dagaa na mahindi. Wanaoshuka walishushwa kwa mlango wa ubavuni, wanaopanda wakavutwa juu, watoto wakapokelewa mkono kwa mkono. Kisha honi tena, na safari ikaendelea kuelekea kusini, mpaka Kasanga, na Mpulungu katika nchi ya Zambia.

Ilifanya na kazi za huruma. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, maelfu kwa maelfu. Na mwezi wa Mei 2015, watu wa Burundi walipokimbia machafuko na kujazana katika kijiji kidogo cha Kagunga, mpakani, hapakuwa na barabara ya kuwatoa. Nyuma yao ni mlima, mbele yao ni maji, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Liemba ilikwenda ikarudi, ikakwenda ikarudi, ikiwachukua mamia kwa safari moja mpaka Kigoma. Meli iliyokuwa imetimiza miaka 100 majini ilikuwa bado inaokoa watu.

Mwaka 2018 ilisimamishwa, maana ilihitaji matengenezo makubwa. Tangu hapo habari zake zimekuwa habari za matengenezo na mikataba.

USITAFUTE MOSHI

Kijana wetu ajue jambo moja mapema, asije akavunjika moyo kule. Liemba haiendi tena kwa mvuke. Katika miaka ya 1970, kuelekea mwisho wake, mitambo ya mvuke iliondolewa, ikatiwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ikatengenezwa tena kwa msaada wa Denmark. Mwili ni ule ule wa 1913, lakini moyo ni mwingine.

Moyo wa zamani ulikuwaje? Chini kabisa ya meli palikuwa na matanuru ya moto, na juu ya moto maboila ya maji. Maji yakichemka katika chombo kilichofungwa, mvuke hutafuta pa kutokea kwa nguvu nyingi. Mvuke huo huongozwa kwa mabomba mpaka kwenye mtambo, ukasukuma vyuma vinavyokwenda juu na chini, navyo vikazungusha mhimili mrefu unaokwenda mpaka kwenye rafadha, yaani panka lililo chini ya maji nyuma ya meli. Katika meli nyingi za zamani mvuke ule ule ulitumika mara tatu, kwanza katika silinda nyembamba, kisha katika pana zaidi, kisha katika pana kabisa, mpaka nguvu yake iishe. Hawakupoteza kitu.

Wanaotaka kuona moto wenyewe siku hizi husafiri mbali. Katika New Zealand iko meli Earnslaw, ya mwaka 1912, nayo ni ndugu wa Liemba kwa namna ilivyozaliwa. Iliungwa katika mji wa Dunedin, ikafunguliwa, ikapelekwa kwa treni mpaka ziwa la Wakatipu, ikaungwa tena. Mpaka leo inatumia makaa ya mawe, na abiria husimama juu ya chumba cha mitambo wakiwatazama wachocheaji moto wakitupa makaa kwa beleshi. Katika Uswisi, ziwa la Lucerne lina meli tano za mvuke zenye magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni. Ya zamani kuliko zote, Uri, ni ya 1901. Waliopanda meli hizo hushangaa jinsi zilivyo kimya. Hakuna mtetemo wa dizeli. Unasikia maji yakipigwa, na unanusa mafuta ya moto.

Scotland wanayo Waverley, iliyoanza kazi mwaka 1947. Mwaka 1974 wenyewe waliona haina faida tena, wakaiuza kwa chama cha wapenzi wa meli kwa bei ya pauni 1. Pauni moja tu! Wengi walidhani itakufa. Watu wa kawaida wakachanga fedha, wakapiga rangi, wakakata tikiti. Mwaka 2019 maboila yake yalichakaa, ikakaa msimu mzima bila kusafiri. Wakachanga tena, zaidi ya pauni milioni 2, ikatiwa maboila mapya, ikarudi baharini mwaka 2020.

MELI ZILIZOKOSA WATU

Sasa turudi Afrika, tuone upande wa pili. Katika Ziwa Albert, Uganda, palikuwa na stima nzuri iitwayo Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, na stima ikazama bandarini Butiaba. Haikuinuliwa. Ilikaa pale nusu ndani nusu nje, mwaka baada ya mwaka, na kutu ikaila. Mwishowe mabaki yakakatwa, yakaenda kuwa chuma chakavu. Leo mtu akifika Butiaba hawezi kuipanda wala kuiona.

Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, iko Chauncy Maples. Ilijengwa Glasgow mwaka 1899 kwa ajili ya misheni ya UMCA, ikapewa jina la Askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895. Nayo ilikuja vipande vipande. Boila lake lilikuwa zito mno kubebwa, likavutwa na mamia ya Wangoni kwa mikono yao, likipandishwa kutoka bondeni mpaka nchi ya juu. Mwaka 1901 ikateremshwa ziwani. Ilikuwa kanisa, shule na hospitali kwa zamu. Mwaka 1967 ikatiwa injini ya dizeli. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kuitengeneza iwe zahanati ya kutembelea vijiji vya ziwa, lakini mpango huo haukufika mwisho.

Tazama sasa meli hizi zote pamoja. Robert Coryndon ilikuwa changa kuliko Liemba kwa miaka 15 na zaidi, nayo haipo. Liemba ilizamishwa, ikazama tena, ikafanywa upya, nayo ipo. Tofauti haiko katika chuma. Tofauti ni kwamba kila Liemba ilipokaribia kufa alipatikana mtu wa kuipaka grisi, au wa kuiinua, au wa kuibadilishia injini, kwa sababu walikuwapo watu walioihitaji. Wengi husema kutunza kitu cha kale wakiwa na maana ya kukiacha kama kilivyo, kisiguswe. Hilo ni kosa. Kinachoachwa bila kuguswa huliwa na kutu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa meli hata ukuta hupati, maana ufa wa meli hauna subira.

KUPENDA CHA KALE SI KUPENDA HATARI

Hapa najua mzee wa Maisaka atauliza neno jingine: je, meli ya miaka zaidi ya 100 ni salama kwa mtoto wangu?

Ni swali la baba mwema, tena katika nchi yetu ni swali la machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapotea. Angalia vema: Bukoba haikuwa meli ya kale. Ilikuwa ya miaka ya 1970. Nyerere ilikuwa changa zaidi. Vyombo hivyo vilichukua watu kupita kiasi.

Kwa hiyo umri peke yake hauui, wala upya peke yake haulindi. Kinacholinda ni ukaguzi wa kweli, hesabu ya kweli ya abiria, na nahodha anayeweza kusema hapana. Meli kongwe ikisimamishwa kwa sababu mkaguzi hakuridhika, tusimlaumu mkaguzi. Anaipenda meli kuliko sisi tunaoililia. Liemba iliposimamishwa mwaka 2018 wengi walisikitika, na watu wa vijijini walipata taabu kubwa ya usafiri. Lakini ni afadhali isimame bandarini ikitengenezwa kuliko isafiri siku moja zaidi ya nguvu zake.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Basi, ikiwa baba ameridhika, na kijana bado ana nia, haya ndiyo mashauri yangu kwake na kwa yeyote mwenye safari ya namna hiyo.

Kwanza, uliza kabla ya kukata tikiti. Meli kongwe hazina ratiba kama basi la Arusha. Piga simu bandarini Kigoma, uulize meli iko wapi, kama inasafiri au iko katika matengenezo, na kama wageni huruhusiwa kuitazama. Ukiambiwa bado, ahirisha. Fedha ya akiba haiozi.

Pili, ifanye njia iwe sehemu ya safari. Kutoka Babati panda basi la Dodoma kwa njia ya Kondoa. Dodoma ushike treni ya reli ya kati ya zamani, ile nyembamba, uulize mapema siku inayopita. Utapita Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua na Uvinza. Usilale wakati wote. Njia unayopita ndiyo njia ya yale makasha 5,000. Ukiwa Kigoma, Ujiji iko karibu, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Nenda ukaione.

Tatu, ukifika mbele ya meli usikimbilie kupiga picha. Omba ruhusa kwa mlinzi na kwa mkubwa wa bandari. Bandari ni mahali pa kazi, na mpakani watu huangalia sana. Salamu nzuri hufungua milango ambayo kelele huifunga.

Nne, jua cha kutazama. Tazama ribiti, mistari yake ubavuni. Weka kiganja juu yake ikiwa unaruhusiwa. Kila kichwa cha ribiti kilipigwa na mkono wa mtu. Tafuta mahali palipotengenezwa baadaye, ambapo bamba limechomelewa. Utaona tofauti ya kazi ya 1915 na kazi ya siku za karibu. Uliza injini ya sasa iko wapi, na maboila yalikuwa wapi.

Tano, ikiwa meli inasafiri nawe unaipanda, hesabu maboya ya kuvaa kabla ya kuhesabu magodoro. Ujue mlango wako wa kutokea. Ukiona watu wamejazwa kupita kiasi, shuka, hata kama tikiti imekwisha katwa. Ukirudi Maisaka mzima bila kusafiri, hujapoteza kitu.

Sita, usiwe mtalii katika shida ya wenzako. Kwa wewe ni safari ya kujifunza. Kwa mama aliye karibu nawe mwenye magunia mawili ya dagaa ni riziki ya mwezi. Mpishe, msaidie kubeba, mnunulie nanasi lake kwa bei yake.

JIBU KWA MZEE

Sasa faida iko wapi? Ningekuwa mimi ndiye baba, ningemruhusu kijana, kwa sharti moja. Asirudi na picha tu. Arudi na daftari.

Nitaeleza kwa nini. Tunayajua majina ya wale mafundi watatu wa Papenburg. Nimeyataja hapo juu, na vitabu huyataja. Lakini wale waliobeba mabamba, waliopiga nyundo, waliozamia chini wakati wa kuiinua, walioishi miaka 50 katika joto la matanuru wakitia kuni na makaa, majina yao tunayajua wangapi? Nani amewauliza? Meli ilikwenda kwa moto tangu 1927 mpaka miaka ya 1970. Ukihesabu, mchochea moto aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika miaka ile ya mwisho ya mvuke sasa ana miaka 70 na zaidi. Huenda anakaa Kigoma, Ujiji au Kasanga, mbele ya nyumba yake, anatazama ziwa. Anajua mlio wa boila lililoshiba mvuke. Anajua namna ya kutia moto usiku wakati wa dhoruba. Anajua nani aliungua, na nani alikuwa nahodha mkali, na nani alikuwa mwema. Mitambo aliyoitumikia imekwisha ondolewa. Yeye ndiye sehemu ya meli ya mvuke iliyobaki, na yeye hawezi kuinuliwa kutoka chini ya maji baada ya miaka minane.

Kijana akimpata mzee mmoja wa namna hiyo, akamwamkia vizuri, akaketi naye na kuandika jina lake, jina la baba yake, mwaka alioanza kazi na mambo aliyoyaona, hapo akiba yake itakuwa imenunua kitu ambacho hakipatikani dukani. Naye akirudi atakuwa amejifunza namna ya kuuliza, jambo ambalo shuleni hatufundishwi sana. Shuleni tunafundishwa kujibu.

Na wewe msomaji ambaye huna nauli ya Kigoma, usidhani maneno haya hayakuhusu. Hapa Babati wako wazee waliojenga barabara, walioendesha matrekta ya kwanza katika mashamba ya Hanang, walioshona, waliofua vyuma, waliochimba visima kabla ya mabomba. Vyombo vyao vingine viko nyuma ya nyumba, vimefunikwa na majani. Juma hili nenda kwa mmoja wao. Chukua daftari, na kama chombo chake bado kipo, chukua na grisi kidogo.

Nileteeni majina mtakayoyapata. Hamjambo na kwa herini, mpaka juma lijalo.